Kiti cha nyuma kimekaa kombo: soma dalili kabla hujashika spana

Kiti cha nyuma cha gari la zamani ni nadra kujikalia kombo chenyewe. Kuna mkono uliokigusa. Kwa hiyo swali la kwanza halihusu spana wala bolti: nani alikitoa mara ya mwisho, na alikuwa anatafuta nini? Magari mengi yana kifuniko cha kufikia pampu ya mafuta chini ya kikalio cha nyuma, basi pampu ikifa, kiti kinang'olewa. Kapeti likiloa, kinang'olewa. Fundi umeme akifuatilia waya wa taa za nyuma, kinang'olewa tena. Kukitoa ni kazi ya dakika tano. Kukirudisha kuna mpangilio wake, na anayeharakisha hukipiga goti kikashuka kiasi, akafunga mlango, akaondoka.

Ndiyo maana sipendi kuona mtu anaanza kwa kupinda chuma. Katika viti vingi nilivyofungua, hakuna kilichovunjika. Kuna kitu kilichobanwa, au kilichorudishwa kabla ya mwenzake.

Tuelewane majina kwanza. Kikalio ni pale unapokalia. Egemeo ni pale unapoegemeza mgongo. Ulimi ni waya mnene au kipande cha bati kilichochomoza nyuma ya kikalio, kinachoingia chini ya egemeo. Klipu ni zile mbili za mbele zinazoshika kikalio sakafuni. Loki ni mtambo unaoshika egemeo linalolala, na kitanzi ni kile chuma chenye umbo la U ambacho loki hukiuma. Katika baadhi ya magari loki iko kwenye egemeo na kitanzi kiko kwenye bodi. Katika mengine ni kinyume.

Kabla hujavuta chochote

Piga picha kwa simu, kutoka kushoto, kulia na kati. Baada ya nusu saa hutakumbuka mkanda gani ulipita juu na upi ulipita chini.

Tazama ubavu wa egemeo karibu na mlango. Ukiona lebo ya mfuko wa hewa, au chini ya kiti ukakuta soketi za waya za rangi ya njano, toa ncha hasi ya betri na usubiri muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari kabla ya kugusa. Mfumo huo hubaki na chaji kwa muda hata betri ikiwa imetolewa. Usiupime kwa mita na usikate waya wake.

Kama gari ni la haibridi, betri kubwa inaweza kuwa nyuma ya egemeo au chini ya kikalio. Kebo za rangi ya chungwa si za kuguswa na mtu asiye na mafunzo yake. Na ukinusa petroli mara tu kikalio kinapoinuka, acha papo hapo, fungua milango yote, usiwashe taa wala kitu kingine cha umeme. Hilo si tatizo la kiti tena.

Dalili ya 1: Kikalio kimeinuka mbele, au kinateleza ukifunga breki

Hii ndiyo inayoongoza, na sababu yake ya kwanza ni klipu ambayo haikuingia. Bonyeza ukingo wa mbele kwa kiganja, kama sentimita 10 hadi 20 kutoka kila pembe. Mahali penye klipu iliyoshika pamekaza kama meza. Mahali ambapo haikushika utahisi kikalio kinashuka kisha kinarudi juu chenyewe.

Usikimbilie kukikandamiza. Kiinue kwanza uone. Weka vidole chini ya ukingo, karibu kabisa na klipu, uvute juu kwa mkupuo mmoja. Juu, si mbele. Ukivuta mbele unaukunja waya wa fremu na klipu inang'oka na plastiki yake. Baadhi ya magari yana kidude cha kubonyeza au kuvuta hapohapo, na mengine yanatumia bolti mbili, kwa kawaida za kichwa cha milimita 10 au 12, zilizojificha kwenye ukingo wa kapeti. Kikalio kikikataa kabisa, tafuta bolti kabla ya kuongeza nguvu.

Kikishainuka, chunguza kwa mpangilio huu. Kapeti: je, limekunjika mara mbili chini ya ukingo? Sponji la chini ya kapeti likirudishwa bila kunyooshwa huinua mbele kwa sentimita nzima. Waya: je, kuna mkanda wa nyaya uliohama njia yake ukakaa juu ya tundu la klipu? Kisha klipu zenyewe. Plastiki ya miaka mingi hukauka ikawa kama ganda la yai, na ukiiona ina ufa, au meno yake yamelika, badilisha zote mbili kwa pamoja. Mwisho kabisa, kitanzi cha waya cha chini ya kikalio (si kile cha loki): kikiwa kimeinama, kinyooshe taratibu kwa plaizi, ukilinganisha na cha upande wa pili.

Kurudisha kuna hatua tatu, na ya katikati ndiyo watu huiruka. Kwanza pitisha vifungio vya mikanda kwenye nafasi zake, vyote, vitokeze juu. Pili, sukuma kikalio nyuma, ulimi uzame chini ya egemeo, na hapo weka goti karibu na egemeo ukikandamiza chini na nyuma kwa pamoja. Jaribu kukiinua kwa nyuma; kikiinuka, ulimi haujaingia. Tatu, sasa ndiyo unashusha mbele, ukigonga kwa ngumi juu ya kila klipu mpaka usikie tak. Tak moja kila upande. Usiposikia, haikushika, hata kama kwa macho kiti kinapendeza.

Onyo moja ambalo sitalipunguza ukali: usitoboe sakafu ukapiga skrubu ili kushikilia kikalio. Katika magari mengi chini ya bati hilo kuna tangi la mafuta, na bomba za mafuta na breki hupita jirani. Nimewahi kuinua kikalio cha gari lililonunuliwa mkononi mwa mtu nikakuta skrubu mbili ndefu za mbao, moja ikiwa imepita unene wa kidole pembeni mwa bomba la breki. Aliyezipiga alikuwa anaokoa klipu mbili za plastiki.

Dalili ya 2: Upande mmoja uko juu kuliko mwingine

Pima kwanza, macho hudanganya. Chukua futi ya kamba, pima kutoka kizingiti cha mlango hadi mshono wa pembe ya kikalio, kushoto na kulia. Gari likiwa limeegeshwa kwenye mteremko kidogo tu, abiria ataapa kiti kimelala upande. Tofauti ya milimita chache kwenye gari la miaka 20 si kitu.

Tofauti ikiwa kubwa, sababu ya kwanza ni kifungio cha mkanda kilicholala chini ya kikalio. Mara nyingi ni cha katikati, kile kisichotumika. Kwangu kilinikalisha mchana mzima: nilibadilisha klipu, nikanyoosha fremu, nikaanza kushuku kwamba gari liliwahi kugongwa. Mwishowe nikapitisha mkono kwa nyuma nikakutana na kifungio kimelala chali, kimekaa vizuri kama mtu aliyekodi chumba. Tangu hapo huwa nahesabu vifungio kwa sauti kabla ya kushusha kikalio.

Sababu ya pili ni ulimi ulioingia upande mmoja tu. Egemea kikalio kwa mikono miwili upande ulioinuka, sukuma nyuma, kandamiza. Ukisikia chuma kikigonga chuma bila kuzama, ulimi umegota kwenye ukingo wa nafasi yake badala ya kuingia.

Sababu ya tatu ni sponji iliyokufa na springi iliyochomoka. Geuza kikalio uangalie chini. Springi za kujipinda kama nyoka hushikwa na vishikio kwenye fremu, na kimoja kikifunguka upande huo unazama, ule mzima ukaonekana umepanda. Rudisha springi kwa plaizi, ukivaa miwani, maana ikiruka haichagui pa kupiga. Sponji iliyosagika ni kazi ya fundi wa viti. Kujaza vipande vya godoro hudumu wiki mbili kisha hujikusanya pembeni.

Springi zina jambo jingine. Katika Volkswagen Beetle za zamani betri ilikaa chini ya kiti cha nyuma, na springi zilizobonyea ziliweza kugusa vichwa vya betri, zikapiga shoti, kijazo cha kiti kikashika moto. Gari lolote lenye betri mahali hapo lazima liwe na kifuniko cha betri kisichopitisha umeme. Ukikuta kifuniko hakipo, kiti kisirudi mpaka kipatikane, na asikae mtu mzito hapo kwa sababu ya kujaribu tu.

Dalili ya 3: Egemeo linalolala halishiki loki

Unalisukuma, linagonga, linarudi. Au linashika upande mmoja na mwingine unabaki wazi.

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa. Vuta kitasa cha kufungulia, kiachie, kisha funga tena. Loki ikiwa imejifunga tupu, yaani kucha yake imegeuka bila kitanzi ndani, egemeo litagonga mpaka kesho bila kuingia. Hutokea mtu anapochezea loki egemeo likiwa limelala, na watoto ni mabingwa wa hilo.

Kama si hivyo, tafuta kilichobanwa. Mkanda wa begani unaoteremka kutoka juu ndio wa kwanza kushukiwa. Hupita kati ya egemeo na bodi ukakunjika mara mbili. Halafu zulia la buti lililosogezwa mbele. Halafu kikalio chenyewe: kikiwa hakijaingia nyuma sawasawa, au kimeingia kupita kiasi, kinasukuma sehemu ya chini ya egemeo na sehemu ya juu inashindwa kufika kwenye kitanzi. Kuna njia rahisi ya kuthibitisha: toa kikalio kabisa kisha funga egemeo. Likishika bila shida, acha kuilaumu loki.

Likikataa hata bila kikalio, sasa tunaitazama loki yenyewe. Ifanyie majaribio ikiwa wazi: chukua shina la bisibisi, lisukume ndani ya loki kana kwamba ni kitanzi. Kucha igeuke, ikamate, isiachie ukivuta. Kisha vuta kitasa, iachie mara moja. Ikigeuka kwa uvivu, imejaa grisi ya zamani iliyokuwa gundi, vumbi, na mabaki ya biskuti. Nyunyizia dawa ya kusafishia, fungua na ufunge kwa bisibisi mara nyingi, futa, halafu tia grisi nyeupe kidogo sana. Usisahau kuvuta kitasa mwisho wa zoezi, la sivyo utafunga egemeo juu ya loki iliyojifunga tupu, ukaanza tena mwanzo wa dalili hii.

Kitasa kikivutwa na loki isijibu, au kitasa kikibaki kimelegea, kebo inayounganisha kitasa na loki imenyooka au imechomoka kwenye kishikio chake. Kebo iliyokaza kupita kiasi ni mbaya zaidi, kwa sababu inaacha kucha nusu wazi: egemeo linaonekana limefungwa lakini mzigo ukiligonga kwa nyuma linaachia. Magari mengi yana alama nyekundu kwenye kitasa inayoonekana loki isiposhika. Iamini hiyo kuliko sauti.

Ikiwa loki ni nzima na bado haikutani na kitanzi, kitanzi kimehama. Hapa ndipo kazi ya kurekebisha ilipo, na ni kazi nzuri kwa mwenye subira. Paka kitanzi grisi kidogo, au rangi ya mdomo, halafu sogeza egemeo polepole mpaka liguse tu. Lirudishe uone alama ilipobaki kwenye mdomo wa loki. Ikiwa juu, kitanzi kiko juu mno. Ikiwa pembeni, ndiyo hivyo hivyo. Chora mstari kwa penseli kuzunguka bati la kitanzi, ili ujue kilikokuwa. Legeza bolti zake kiasi tu cha kufanya kisogee kwa kugongwa kidogo, si cha kuning'inia. Sogeza milimita moja au mbili, kaza, jaribu. Mara nyingi utarudia mara tatu. Si kila kitanzi kina nafasi ya kusogea. Kama matundu ya bolti ni ya duara kamili, hakikutengenezwa kurekebishwa, na tatizo liko kwingine, kwa kawaida kwenye bawaba za chini au kwenye bodi.

Usipige kitanzi tindo, usikipinde kwa nondo, usiichonge kucha ya loki kwa msasa. Loki hiyo huzuia mzigo wa buti usiwafikie wanaokaa mbele yake gari linapogonga.

Dalili ya 4: Limeshika, lakini linagonga barabara ikiwa mbovu

Shika egemeo kwa juu, litikise mbele na nyuma. Mchezo, yaani kule kulegea, ukiwa juu, tazama kitanzi: vingi huvishwa mpira au plastiki, na ikilika chuma kinacheza ndani ya chuma. Vifuniko hivyo hununuliwa peke yake. Zungushia utepe wa nguo wa kufungia nyaya kwa siku moja kama jaribio. Kelele ikiisha, umepata jibu, sasa tafuta kifuniko halisi. Usiuache utepe humo, kwa sababu ukivimba loki haitafunga hadi mwisho.

Mchezo ukiwa chini, ni bawaba. Kiti kilichogawanyika 60 kwa 40 kina mhimili wa katikati unaobeba nusu zote mbili, nao hushikwa na bolti sakafuni. Bolti ikilegea, nusu mbili zinapishana na pengo la juu linakuwa pana kuliko la chini. Kaza, kisha tazama tena.

Dalili ya 5: Egemeo lisilolala limetoka mbele

Hili huning'inizwa kwa kulabu za juu na kufungwa bolti mbili au tatu chini. Aliyefunga bolti kabla ya kuhakikisha kulabu zote zimeingia ndiye chanzo, karibu kila mara. Fungua bolti za chini, inua egemeo wima, ling'inize upya, livute kwa juu kuona kama limeshika pande zote, ndipo ufunge chini. Likikataa kuning'inia, tazama mkanda wa kati usije ukawa umekaa juu ya kulabu.

Dalili ya 6: Vifungio vimezama, au vyuma vya kiti cha mtoto havifikiki

Kikalio kimekaa vizuri kwa macho, ila kifungio hakisimami. Kimepitishwa tundu lisilo lake, au kimejizungusha. Inua, kirudishe, kiwe kimeelekea mbele bila kusokota. Vyuma vya ISOFIX, yaani vya kufungia kiti cha mtoto, ni vijiti vyenye unene wa milimita 6, jozi moja ikiwa imepishana milimita 280 kutoka kati hadi kati; visipofikika kwa kidole kwenye pengo la kikalio na egemeo, kikalio kimepanda. Kiti cha mtoto kisifungwe hapo mpaka hilo litengemae.

Kama ilibidi ufungue bolti ya mkanda, si bolti ya kawaida. Rudisha ileile pamoja na washa zake (visahani vya chuma vya bolti) kwa mpangilio uleule, ukaze kwa spana ya kupima nguvu ya kukaza kwa kiwango cha kitabu cha gari. Ikianza kuzunguka bila kukaza, nyuzi zimeisha. Acha.

Pa kusimama na kumwita fundi

Kwa fundi bodi: ukiona kutu iliyotoboka au ufa kwenye mchomeleo karibu na bolti ya mkanda, bawaba au kitanzi, au ukipima kutoka pembe ya juu ya fremu ya mlango mmoja hadi pembe ya chini ya ule wa upande wa pili, kisha ukageuza kipimo, na tofauti ikawa ya kuonekana. Gari hilo limepinda, na hakuna kitanzi kitakacholinyoosha. Kuchomelea hapo ni lazima tangi na sponji viwe vimeondolewa au kukingwa, kwa hiyo usimwite mtu mwenye mashine tu.

Kwa fundi umeme wa magari: taa ya mfuko wa hewa ikiwaka baada ya kurudisha kiti. Huenda ni soketi ya njano isiyoshika, lakini usiichokonoe betri ikiwa imeunganishwa.

Kama hakuna kati ya hayo, rudisha kiti, funga kila mkanda uuvute kwa nguvu, mpakie mtu mzima kila upande, zunguka mtaani kwenye matuta, halafu bonyeza tena ukingo wa mbele pale penye klipu. Klipu mpya huwa inasubiri matuta ndipo iseme kama iliingia kweli.